Wazee wa Mfuko Waliokataa Kukataa

Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika kampuni moja ya kahawa mjini Bunia wakati Mkurugenzi mpya alipotumwa kutoka Kinshasa kuja kutunyoosha. Neno hilo ni lake mwenyewe. Siku ya kwanza alisimama ghalani mbele ya magunia, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akasema kwa Kifaransa kwamba nyumba hii imepinda na yeye amekuja kuinyoosha. Halafu akanigeukia nitafsiri. Nikatafsiri. Wapakiaji wakainua vichwa wakaanza kukagua kuta na paa, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini ni upande gani hasa.

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea kwisha. Kwa sheria ya wakati ule hakukuwa na bwana wala bibi katika Zaire yote. Mkubwa na mdogo sote tulikuwa "sitwayeni", yaani mwananchi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa Kinshasa, anajua Kifaransa na Lingala, na Kiswahili chetu alikisikia kama mvua juu ya bati. Mimi nilikuwa nimesomeshwa na masista, sijaolewa, ninapiga chapa haraka kuliko mtu yeyote kati ya Bunia na Irumu. Basi nikawa mdomo wake.

Kampuni yenyewe ilinunua kahawa ya wakulima, ikaikoboa, ikaipanga, ikaijaza magunia na kuipakia kwenye malori. Aliyeianzisha alikuwa mgeni mmoja ambaye alikuwa amekwisha kwenda zake kabla sijaajiriwa, na jambo moja alilotuachia ambalo watu walimshukuru kwalo ni Mfuko wa wazee. Kila mwisho wa mwezi kitu kidogo kilikatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, kampuni ikaongeza sehemu yake, na mtu akizeeka akaacha kazi, Mfuko ulimlipa mpaka siku ya kufa. Akifa, mjane wake aliendelea kupata nusu. Kwa Kifaransa Mfuko uliitwa la caisse, na wake wa wafanyakazi wakaugeuza kuwa "Lakesi". Ukiwasikia sokoni ungedhani wanamsema mama mmoja mwenye moyo mwema ila msahaulifu. "Lakesi imelipa?" "Ee, Lakesi bado."

Sasa, yule mgeni alikuwa ameweka kanuni moja ya ajabu. Pensheni haikuwa namba iliyokaa mahali pamoja. Ilikuwa fungu la mshahara wa yule anayeshika kazi yako leo. Dereva kijana akiongezwa mshahara, dereva mzee aliyekaa nyumbani ameongezwa naye. Kwa ajili hiyo wazee wetu walikuwa wapenzi wakubwa wa vijana. Mjane wa mpima mizani wetu wa zamani, mama mnene mwenye sauti nyororo aliyekaa mtaa wa Mudzipela, alikuwa akija kwenye mizani akiwa na karanga za kukaanga, anampa mpimaji kijana, kisha anasimama pale mlangoni na kumwambia kila anayepita: "Huyu mutoto anatumika sana. Mumwangalie. Wanamulipa kidogo sana, ni haya." Kijana alifikiri ni upendo wa mama.

Mkurugenzi aliuona Mfuko mwezi wake wa kwanza. Simlaumu kwa kuuona. Malori yalikuwa yanakaa siku nyingi kungojea mazutu, yaani dizeli, kahawa nyingine ilikuwa inavuka mpaka juu ya baiskeli bila kutuaga, na bei sokoni zilipanda hata kabla mtu hajarudi nyumbani na kikapu. Mishahara ilibidi ipande nyuma ya bei, na kila ilipopanda, wazee wote walipanda nayo. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wamemwambia apunguze. Akaniita, akatembea chumbani mikono nyuma, akanisomea kanuni mpya nipige chapa: tangu mwaka mpya, pensheni ya kila mzee na kila mjane itabaki ile namba anayopata sasa, daima.

"Unaona, sitwayeni," aliniambia kwa furaha, "sichukui hata likuta moja kwa mtu."

Likuta ilikuwa senti yetu; zikiwa nyingi, makuta. Nilipiga chapa. Mashine yangu ilikuwa na kelele nyingi, ikanisaidia kunyamaza.

Lakini kampuni ilikuwa na wakili wake, aliyekuja kwa ndege kutoka Kisangani mara chache kwa mwaka. Lilikuwa jitu kubwa, la taratibu, lenye leso mkononi muda wote, na lilipenda samaki wa Kasenyi kuliko kesi yoyote. Mkurugenzi alimkaribisha chakula cha mchana kwenye baraza la nyumba ya wageni, mimi nikakaa pembeni niandike yatakayosemwa. Wakili alisoma ukurasa wangu huku akitoa miiba kinywani.

"Hii huwezi," akasema.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa Mfuko," Mkurugenzi akajibu. "Na kanuni zenyewe zinasema mkutano mkuu unaweza kuzibadilisha."

"Unaweza. Badilisha unavyotaka kwa siku zinazokuja. Kijana utakayemwajiri kesho, mwambie mapema kwamba pensheni yake ni namba isiyosogea. Akiingia kazini, amekubali. Hata huyu binti anayeandika hapa, miaka yake iliyobaki mnaweza kuipigia kura. Lakini miaka ambayo mtu amekwisha kuitumikia, aliitumikia kwa mapatano, na namna ya kuhesabu ni sehemu ya mapatano. Huwezi kumfuata nyumbani kwake na uzee wake, umwambie mapatano yamegeuka. Kifungu cha mwisho kinakataza. Na hata kisingekataza, jaji angekataza."

"Na mwenyewe akikubali?"

Wakili alimgeuza samaki upande wa pili. "Mwenyewe akikubali, kwa kuelewa, kwa mkono wake, mbele ya shahidi, hiyo ni hiari yake. Lakini mmoja mmoja. Asiyekubali, kwake kanuni ya zamani inabaki."

"Basi nitawaomba."

"Umekwisha kumwomba mtu kitu, wewe?"

Mkurugenzi alifikiri kwa uaminifu. "Si sana."

"Utajifunza," wakili akasema, akaomba aongezewe pilipili.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta ndani ya gari la jipu la kampuni, na bahasha ya karatasi za ridhaa mapajani, tunakwenda Mudzipela kuanza na yule mjane. Mkurugenzi alichagua kuanza na mwanamke kwa sababu alidhani ni rahisi. Ulikuwa msimu wa mvua. Mama alitupokea kama tunakuja kuposa.

"Karibu, karibu ndani. Ukae hapa, Patro. Hapana pale, pale iko maji."

Patro ndiye bosi, sheria ya sitwayeni au hapana. Maji yalikuwa yanadondoka toka darini yakiingia ndani ya sufuria, na kila tone lilikuwa na mlio wake. Mkurugenzi akakaa, akaeleza vizuri kabisa, kwa adabu, jinsi ambavyo hakuna kitakachopotea. Mimi nikatafsiri neno kwa neno. Mama alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Umuulize: leo ni makuta ile ile?"

"Ile ile," Mkurugenzi akajibu.

"Na mwaka wenye unakuya?"

"Ile ile! Haiguswi!" Alifurahi kuona mama ameshika haraka hivyo.

"Na sabuni?"

Nilitafsiri. Mkurugenzi akanitazama. "Sabuni gani?"

"Anauliza, Patro, kama sabuni nayo itabaki ile ile."

Tone likaanguka ndani ya sufuria. Mkurugenzi akaeleza kwamba bei ya sabuni haiko chini ya mamlaka ya kampuni. Nilipomfikishia mama maneno hayo alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa.

Nilingoja akatae. Hakukataa. Aliishika karatasi, akaipapasa, akaisifu. "Karatasi ni ya muzuri sana. Imeandikwa safi. Lakini mambo kama haya mutu haifanye mbio mbio. Aniache nifikiri. Tena umwambie, mi nafikiri muzuri zaidi kama nyumba haivuje."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa vitendo, hilo nitamsifia mpaka leo. Kesho yake mabati yalifika Mudzipela, na fundi wa kampuni juu yake akigonga misumari.

Jumapili nilimkuta mama nje ya kanisa, kitenge kipya, uso umetulia. Nikamvuta pembeni.

"Mama, juu ya nini haukumwambia hapana?"

Alinitazama kana kwamba masomo ya masista yote yalikuwa yamemwagika njiani. "Hapana? Mutu ukimwambia hapana, anaenda zake, harudi tena. Weye unajua ni miaka ngapi siye wazee ya Lakesi tunakaa, hakuna mutu wa kampuni wa kutuona? Hata wakati mume wangu alikufa walituma salamu na mutu mwenye alikuwa anapita. Sasa Patro yeye mwenyewe anakuya na jipu, anakaa kwa kiti yangu, ananiomba. Na weye unataka nimufukuze?"

"Kwa hiyo utatia kidole?"

"Kutia kidole? Mi niko wazimu?"

Ujanja huo ulikuwa umewafikia wazee wote kabla padre hajavua mavazi ya misa. Hapakuwa na mkutano wala kiapo. Walielewana tu, kama wanawake wanavyoelewana bei ya nyanya: hakuna wa kusema ndiyo, na hakuna wa kusema hapana.

Wa pili alikuwa dereva mzee, aliyeendesha lori la kwanza la kampuni enzi ambazo, kwa maneno yake, barabara ya Kisangani ilikuwa bado inatafuta pa kupita. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Alitusikiliza kwa heshima kubwa, akiwa amemwelekea mtu ambaye hakuwapo.

"Nitatia sahihi namna gani na mi sioni?"

"Karani atakusomea," Mkurugenzi akasema.

"Huyu mutoto ni wa muzuri," mzee akajibu, "lakini ni mutoto ya kampuni. Nitajua namna gani kama anasoma ile yenye iko?"

Nilikasirika, na wakati ule ule nilitamani kumbusu. Mkurugenzi alirudi kwenye jipu amenuna. Siku chache baadaye, jipu lile lile lilimchukua mzee mpaka Nyankunde, kwenye hospitali ya misheni, akapasuliwa macho, na kampuni ikalipa. Alirudi na miwani mikubwa iliyomfanya aonekane kama bundi aliyefaulu mtihani. Tulimpa siku za kupona, kisha tukaenda na karatasi.

Mzee akaisoma yote, kwa sauti, kwa Kifaransa cha polepole, kidole kikitangulia. Alipomaliza akainua uso akamtazama Mkurugenzi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Kumbe weye ni kijana hivi! Na sauti yako ni ya muzee!"

"Sasa unaona vizuri?" Mkurugenzi akauliza kupitia kwangu.

"Vizuri sana. Ninaona karatasi, ninaona kalamu, ninaona mpaka inzi kwa ukuta. Mungu akubariki." Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa shati. "Acha kwanza niizoee."

Ndani ya jipu Mkurugenzi aligeuza-geuza bahasha mpaka tukapita soko. Halafu akaniuliza, bila kunitazama: "Sitwayeni, unawatafsiria nini watu hawa?"

"Yale unayosema, Patro."

"Yote?"

"Yote. Nadhani hiyo ndiyo shida."

Niliona shingo yake imekaza, nikafikiri kesho nitarudi kwa mama yangu na sanduku. Lakini dereva wa jipu alicheka puani bila kutaka, na kicheko kile kikamwambukiza Mkurugenzi, ingawa alikimeza haraka na kutazama nje.

Mambo yaliharibika kwa mlinzi. Alikuwa mzee mwembamba aliyelinda ghala letu maisha yake yote, na alipenda lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, kwa mapenzi yasiyo na ubishi. Tulimkuta asubuhi, tayari amekwisha kuamka vizuri, kikombe mkononi. Hakuomba bati wala miwani. Aliuliza karatasi iko wapi, akachovya kidole kwenye wino kabla sijasoma neno, akakibandika, akacheka. Mkurugenzi alishindwa kuamini. Kwa furaha alimtumia mbuzi jioni ile ile, beberu mweusi mwenye kiburi.

Habari zilifika Mudzipela kabla ya mbuzi kufika kwa mlinzi. Jumapili iliyofuata wazee wa Lakesi walimpita nje ya kanisa kama wanapita nguzo. Mzee wa watu aliduwaa. Alikuja ofisini kwangu siku ya pili, kofia mkononi, akaniuliza amefanya nini. Nikamweleza ile karatasi ilikuwa inasema nini. Akakaa chini, sakafuni.

"Mi nilisikia 'sahihi', nikasikia 'Patro', na nyuma mbuzi ikakuya," akasema. "Nilizani ni karatasi ya kupokea mbuzi."

Mjane ndiye aliyekata shauri. Alisema mbuzi yule si wa mlinzi, ni wa Lakesi, na kwa hiyo ataliwa na Lakesi yote. Akapanga siku, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mitaa. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyefanya utundu nusu nusu, akanituma nimkaribishe Mkurugenzi.

Nilidhani hatakuja. Alikuja, tena bila bahasha. Ua wa mlinzi ulikuwa umejaa wazee, wajane, wajukuu na moshi. Wakampa kiti cha heshima na kipande cha ini. Mwanzo alikaa ameshika sahani kama anashika barua ya mahakama. Halafu dereva mzee akaleta ubao wa dama, wenye vizibo vya chupa badala ya kete, akamwonyesha kwa mkono aketi mbele yake. Mkurugenzi akavua koti la abakosti, akalitundika kwenye msumari. Alishindwa. Akaomba tena. Alishindwa tena, vibaya zaidi, na dereva, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa kipofu, akawa anamwambia kwa upole: "Uangalie vizuri, mutoto yangu. Uangalie."

Siku hiyo tulijua kwamba mke wake alibaki Kinshasa kwa sababu ya shule za watoto, kwamba nyumba ya kampuni ina vyumba vingi na usiku haisemi kitu, na kwamba tangu afike Bunia alikuwa hajala sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mtu anayejali. Hayo alimwambia mjane, kwa Lingala na mikono, na mimi sikuitwa kutafsiri. Mjane alimfungia sombe kwenye jani la mgomba aende nayo.

Tangu hapo alikuwa akienda huko Jumamosi hata pasipo sababu ya kazi. Kiswahili kilimwingia kwa njia ya tumbo. Alikuwa akiingia ofisini Jumatatu akisema "Siye tuko muzuri" kwa fahari, na mimi nikajiinamia kwenye mashine. Karatasi hakuziacha kabisa. Mara moja moja aliuliza, na kila mzee alimjibu kwa upendo kwamba bado anafikiri. Mmoja alikuwa anafikiri vizuri zaidi mlango ukitengenezwa. Mwingine fikra zake zilizuiliwa na kisima. Mlango ukatengenezwa, kisima kikachimbuliwa matope. Sijui kama alikuwa bado anadanganywa au alikuwa amekwisha kujua. Nilimchunguza sana nisipate jibu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Kinshasa wakamtuma mjumbe kuja kusimamia mkutano mkuu. Alikuwa kijana mkavu mwenye mkoba wa ngozi, na hakula kitu alichopewa. Wakili naye akaja toka Kisangani. Tukakutana ghalani, wafanyakazi wamekaa juu ya magunia, wazee na wajane kwenye mabenchi ya mbele, wamevaa nguo za Krismasi. Mimi nilikaa na mashine yangu kati ya meza na mabenchi.

Mjumbe akamwomba Mkurugenzi atoe ridhaa za wazee. Mkurugenzi akafungua bahasha, akaweka mezani karatasi zisizotiwa sahihi, moja baada ya nyingine.

"Wamekataa?" mjumbe akauliza.

"Hakuna aliyekataa."

"Basi wamekubali."

"Hakuna aliyekubali."

"Sasa wamesema nini?"

Mkurugenzi alitazama mabenchi ya mbele. Akajibu kwa Kiswahili, polepole, kila silabi mahali pake: "Banafikiri."

Ghala lote lilicheka. Hata mizani ilitikisika, kwa sababu kulikuwa na watu wawili wameikalia. Mjumbe akaniuliza amesema nini, nikamtafsiria, na kwa Kifaransa jambo hilo halikuchekesha hata kidogo.

Ikabaki karatasi ya mlinzi, yenye kidole. Mjumbe aliishika kama mtu aliyepata ushahidi. Wakili akaomba aione, akamwita mlinzi mbele, akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili cha Kisangani: siku ile alielewa anakubali nini?

Mlinzi akasimama wima kama zamani zake za lindo. "Nilikubali mbuzi, Maître," akamjibu wakili.

"Na pensheni?"

"Ile haikukuya kwa mazungumuzo."

Wakili akajifuta uso kwa leso. Akamwambia mjumbe kwamba ridhaa ya mtu asiyejua anaridhia nini haina uzito, na kwamba hii hawezi kuipeleka mbele ya jaji yeyote bila kuona haya. Mjumbe akapandisha sauti. Alisema kampuni ina wafanyakazi wengi kuliko wazee, basi wapige kura, wengi wapewe. Wakili akamwacha amalize.

"Wapige," akasema. "Kwa miaka yao wenyewe inayokuja. Kura ya kijana haiwezi kuingia mfukoni kwa mzee na kutoa kitu alichokwisha kukitolea jasho. Wangekuwa wengi mara mia, ni vile vile."

"Tutakwenda mahakamani."

"Twende. Mahakama iko karibu, unaweza kwenda kwa miguu. Utashindwa, na mimi utanilipa kwa huko kushindwa."

Nilitafsiri hayo yote, na kila sentensi niliyoifikisha kwenye mabenchi, mjane aliitikia "Ee" ya chini, kama kanisani.

Kura ikapigwa kwa mikono juu, kwa siku za mbele tu. Niseme kweli, ilipita. Vijana waliahidiwa kwamba makato yao yatapungua, na kijana haoni uzee wake hata ukimwekea mezani. Nami ilinipata: miaka yangu ya kabla ya mkutano ule ikabaki na kanuni ya yule mgeni, na miaka ya baadaye ikaingia kwenye namba isiyosogea. Baadaye, miaka ya themanini ilipokuja na bei zake, nilielewa vizuri kabisa swali la sabuni. Ile sehemu yangu ya namba ilikuwa imelala mahali pale pale wakati kila kitu sokoni kinakimbia. Sehemu ya zamani ilikimbia nacho, ikipumua kwa shida, lakini ilikimbia. Na nilipozeeka nikaacha kazi, nilimtafuta kijana aliyeshika mashine yangu ya chapa nikaanza kumpelekea karanga.

Wazee wenyewe hawakuguswa, hata mlinzi. Walitoka ghalani wakiimba wimbo wa kanisa ambao haukuhusiana na jambo lolote.

Mkurugenzi aliitwa arudi Kinshasa baada ya mavuno yaliyofuata. Hawakusema ni adhabu, wala hawakusema ni sifa. Siku ya ndege wazee walikuja uwanjani wote, na kila mmoja na kitu mkononi: samaki wa kukausha, kuku hai aliyefungwa miguu, kibuyu cha asali, ubao wa dama. Dereva mzee alimwambia kule Kinshasa ajizoeze. Mjane hakusema utani hata mmoja. Alimshika mikono yote miwili akamwita mutoto yangu, akalia kweli kweli, kwa sauti, bila kujificha, mpaka Mkurugenzi akageuka kutazama ndege iliyokuwa haijafanya kitu cha kutazamwa. Yule kuku aliingia naye ndani ya ndege. Nilimwona kwenye dirisha.

Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye baridi yabisi ya magoti, ambaye alitaka kumalizia miaka yake bila kelele. Hakutembea chumbani, hakunisomea neno la kupiga chapa. Kama juma la tatu hivi mjane akaja ofisini, amepumzika kwanza kwenye mizani, akakaa mbele yangu na kikapu magotini.

"Huyu mupya," akaniuliza, "iko mutu wa namna gani?"

"Mutu wa kimya, mama."

"Haitake kugeuza kitu kwa Lakesi?"

"Hapana. Alisema yote ibaki vile iko."

Niliona amehuzunika. Akatazama mlango wa ofisi ya Mkurugenzi, uliofungwa, akainama karibu nami.

"Weye umwambie tu polepole," akasema, "anaweza kujaribu. Umwambie wazee hawana ubaya, wanapenda kuzungumuza. Na umwambie nyuma ya nyumba yangu, jiko imeanguka."